Fisi Huyu ni wa Nani?

Kijiti chenyewe hakifiki dhiraa moja. Yule bwana alikizungushia kipande cha nyama mbichi upande mmoja, akanionyesha kwa ishara nikiume upande wa pili, nichuchumae, nisigeuze shingo. Bajaji iliyotuleta ilikuwa imewashwa taa nyuma yangu. Mbele, taa zilipoishia, macho yalikuwa yanawaka mawili mawili.

Alikuwa anawaita kwa majina. Mmoja akajitenga na wenzake, akaja na ule mwendo wao, mabega juu kiuno chini, sikio la kushoto limechanika pembeni. Meno sikuyaona. Nilichokiona ni pua: nyeusi, imelowa, inachezacheza, na chini yake nywele ngumu za kidevuni zilizogandamana kwa damu ya nyama aliyokwisha kupewa. Akanyoosha shingo, akaivuta nyama taratibu kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumlisha, akaondoka. Harufu yake ilibaki.

"Jike," akasema kijana aliyekuwa ananitembeza mji. "Wakubwa wote hapa ni majike."

Nikamuuliza swali ambalo kwetu lingekuwa la kwanza kabisa.

Fisi huyu ni wa nani?

Hakunielewa. Nikalirudia, nikalinyoosha vizuri zaidi. Akamwangalia yule bwana wa kijiti, wakasemezana, wakacheka. Nilirudi Tanzania kutoka Harar, mji wa kale mashariki mwa Ethiopia, na swali langu likiwa halijajibiwa, na wiki zote hizi limenikaa kichwani kuliko picha nilizopiga.

## Upande wa nyumba ya nani

Mimi ni mtu wa Magugu, ile ya mchele. Huku Tarangire, huku Ziwa Manyara, na wanyama wana njia zao za kupita kati ya hifadhi hizo tangu kabla ya lami. Fisi tulimsikia kabla hatujajua kusoma. Ule mlio unaoanzia chini na kupanda ukisikika, bibi alikuwa anafanya mambo mawili. Kwanza anahakikisha komeo. Kisha ananyamaza kimya, anasikiliza unatokea upande wa nyumba ya nani.

Hilo la pili ndilo lililokuwa zito.

Kwa Wambugwe, watu wa huko kwetu, wa rika lake, fisi asiye na mwenyewe hayupo. Mchawi humfuga, humkamua usiku, maziwa hutoa siagi, na siagi hiyo ndiyo mafuta ya mwenge anaoushika akiwa amempanda mgongoni kwenda kwenye shughuli zake. Fisi ana alama ya mwenye mali, ila wewe na mimi hatuioni. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliishi na Wambugwe, na maandishi yake juu ya uchawi wao yalichapishwa mwaka 1963. Nilipoyasoma chuoni niliona kama bibi ndiye aliyemsomea imla.

Wenzangu wa Usukumani, Ugogoni na Ukaguru mna ya kwenu, sina haja ya kuwasimulia.

Na sote tunajua yanakoishia. Fisi akichukua mbuzi, watu hawaendi kutafuta nyayo. Wanaanza kuhesabu: nani alikuwa na ugomvi na mwenye mbuzi, nani ana mali isiyoeleweka imetoka wapi, bibi kizee gani anaishi peke yake. Usukumani wamekufa vikongwe wangapi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotiwa wekundu na moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni? Mnyama akishapewa mwenyewe, mwenyewe lazima apatikane.

Kwa hiyo niliposimama nje ya ukuta wa Harar na kuuliza fisi ni wa nani, sikuwa nauliza kama mtalii. Ulikuwa mdomo wa bibi.

## Mji wenye matundu

Watu wengi wanaifahamu Harar kwa kahawa. Wengine kwa mirungi, maana ukitoka Dire Dawa unapita Awaday, na Awaday mirungi inashushwa na kupakiwa usiku na mchana. Rimbaud, mshairi wa Kifaransa, aliacha mashairi akaja huku miaka ya 1880 kuuza kahawa na bunduki. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza, aliingia Januari 1855. Ndiyo, Burton huyohuyo ambaye miaka michache baadaye alipita Kazeh, Tabora yetu ya leo, akaenda kuliona Ziwa Tanganyika. Akina sisi tuna undugu na Harar kupitia wazungu waliokuwa hawatulii nyumbani kwao.

Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 16, kazi ya Amiri Nur. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na wao wanahesabu misikiti 82 na mazara 102, yaani makaburi ya mawalii yanayozuriwa, ndani ya eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Malango ya kale ni matano. Enzi za maamiri yalifungwa usiku, na funguo zikapelekwa kwa amiri. Uliyechelewa ulilala nje.

Isipokuwa fisi.

Kijana wangu alinipeleka asubuhi kuona. Chini ya ukuta, usawa wa goti, kuna matundu. Hayakubomoka yenyewe, yaliachwa kwa makusudi, mawe yamepangwa pembeni yake. Akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye jiwe la juu. Lilikuwa laini, limesuguliwa na migongo. Kwenye ufa mmoja kulikuwa na unyoya mfupi, nusu rangi ya mchanga nusu mweusi, akaung'oa akanikabidhi. Hatua chache ndani ya uchochoro kulikuwa na kinyesi cheupe, kikavu. Kinakuwa cheupe hivyo kwa sababu ya mifupa, fisi anaisaga na kuimeng'enya yote.

Watoto wa shule walikuwa wanapita hapohapo na mabegi yao. Hakuna aliyetazama.

Nikakumbuka methali: fisi akimla muwele, yaani mgonjwa, mzima funga mlango. Nimeisikia maisha yangu yote, na haijawahi kunijia akilini kwamba kuna mji ambao watu walikaa kikao, wakakubaliana, wakamjengea fisi mlango wake.

Na kama ni mambo ya wanyama, soko la nyama la Harar nalo lina yake. Mwewe wanakaa juu ya paa wamejipanga. Mtu akitoka na nyama mkononi bila kuifunika, mmoja anashuka, ananyakua, anapaa. Wauzaji hawafukuzi. Nilimwona mzee mmoja akiinua kipande juu ya kichwa kwa hiari yake, mwewe akakipitia, naye akaendelea na mazungumzo yake.

## Uji wenye samli

Wenyewe wanasimulia hivi. Zamani kulikuwa na njaa kali, fisi wakaanza kula watu. Mawalii wakakutana Mlima Hakim, unaouangalia mji, wakaamua fisi walishwe uji. Fisi wakala, wakaacha watu. Tangu hapo, siku ya Ashura, tarehe 10 Muharram, hupikwa uji mzito unamiminiwa samli, unapelekwa kwenye mazara, na fisi wanangojewa.

Halafu watu wanaangalia kwenye chombo.

Fisi akila zaidi ya nusu, akabakiza, mwaka utakuwa wa neema. Akikataa kabisa, kuna balaa. Na akimaliza wote, balaa vilevile.

Hapo nilisimama kidogo. Fisi wa hadithi zetu ni yule wa njia panda, aliyesikia harufu ya nyama huku na huku akataka zote mbili, akapasuka. Njia mbili zilimshinda fisi. Sisi tumemfanya mfano wa mtu asiyejua kutosheka, tumeridhika na hilo, na mpaka leo mwanaume mwenye tamaa tunamwita fisi. Hawa wameweka mwaka wao mzima juu ya matumaini kwamba fisi atabakiza.

Mama mwenye nyumba niliyofikia, nyumba ya Kiharari yenye mabaraza ya kupanda ndani kwa ndani na ukuta wote umetundikwa vikapu na sahani, alinieleza lingine, kijana akitafsiri. Kwamba fisi akiingia mjini usiku haji kwa ajili ya mifupa ya wachinjaji tu. Anakula majini. Ukisikia amelia kwa namna fulani uchochoroni, ujue amemkuta mmoja na amemmeza. Mji ukikosa fisi, alisema, majini yatajaa.

Usiku ule nililala sijalala. Mlio ulipita chini ya dirisha, uleule wa Magugu, hauna tofauti hata kidogo. Bibi angesema: mchawi huyo anapita. Mama wa chumba cha pili pengine aliusikia akajigeuza upande akaendelea kulala, maana walinzi wapo kazini.

Wote wawili wanaamini fisi ana habari na ulimwengu usioonekana. Wanatofautiana tu ameajiriwa na nani.

## Kuhusu kile kijiti

Hapa lazima niseme ukweli ambao picha hazisemi. Mambo ya kijiti mdomoni ni ya juzi. Yalianza katikati ya karne iliyopita, na jina lililovuma zaidi ni la Yusuf Mume, ambaye kazi aliirithisha kwa mwanawe Abbas. Kuna mtalii, kuna taa za gari, kuna birr, fedha ya Ethiopia, zinabadilisha mikono. Mkazi wa kawaida wa Harar haendi kumlisha fisi kwa meno, kama mkazi wa Dar asivyokwenda Kijiji cha Makumbusho kila Jumapili kucheza ngoma.

Sisemi ni uongo. Yule bwana anawajua fisi wake mmoja mmoja, nani mkorofi, nani anaanza kuletewa kiburi na watoto wa koo nyingine, na mwili wake haukuwa na wasiwasi hata chembe. Hilo huwezi kuliigiza kwa ajili ya mtalii, fisi atalijua.

Lakini mtu akiniuliza mila ya Harar kuhusu fisi ni ipi, nitamwonyesha tundu. Tundu halina kiingilio, na halingojei mgeni ndipo litumike.

## "Huyo si wa hapa"

Nilipopata nafasi nikamrudia yule mama na swali langu, safari hii kwa kona. Nikamuuliza: je, fisi akimdhuru mtoto?

Alijibu bila kufikiri. Fisi wa mji hafanyi hivyo, kuna makubaliano. Akifanya, basi si wa hapa. Katoka mbali.

Mwanzoni jibu hili lilinikera. Ni jibu la kila mtu duniani, mwizi siku zote ni wa mtaa wa pili. Fisi ni fisi. Ana taya la kuvunja paja la ng'ombe, na hajasaini mkataba wowote na mawalii. Nilitoka pale barazani nikijisemea hawa nao wanajidanganya kama sisi.

Jioni, nikiwa kwenye kahawa, ndipo nikaona kilichokuwa kinanipita.

Katika jibu lake hakukuwa na mtu.

Mgeni aliyeleta maafa alikuwa fisi. Fisi wa mbali, sawa, lakini fisi. Hakuna jirani aliyenyooshewa kidole. Hakuna bibi kizee aliyeamshwa usiku. Ndiyo maana swali langu pale nje ya ukuta liliwachekesha. Kwao ni sawa na kuuliza mvua hii ni ya nani. Fisi ni wa fisi. Mji una mpango naye tu.

Na ukiangalia sayansi, mpango huo unamstahi kuliko wetu. Miaka ya 1960 mtafiti wa wanyama Hans Kruuk alikesha Ngorongoro akiwafuatilia, akaonyesha kuwa fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba kreta ile mara nyingi simba ndiye alikuwa anakuja kupora. Tumemwita mla makombo ya wengine vizazi na vizazi, naye anavuja jasho.

Nilianza kuandika makala haya nikiwa hapo. Yangekuwa mafupi na matamu: Harar wametushinda, tujifunze. Bahati nzuri ndege yangu ya kutoka Addis ilichelewa.

## Muuguzi wa Gondar

Uwanja wa ndege nilikaa na muuguzi mmoja, mwenyeji wa Gondar, kaskazini. Nikamsimulia Harar kwa bashasha zote. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Huko ni Harar," akasema. "Kwetu fisi ni buda."

Akanieleza. Buda ni mtu mwenye jicho baya, na usiku hugeuka fisi. Anayetuhumiwa ni nani? Mhunzi. Mfinyanzi. Watu wa kazi za mikono, hasa za moto na udongo. Na kwa muda mrefu waliotuhumiwa kuliko wote walikuwa Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia, ambao wengi wao walikuwa wahunzi na wafinyanzi kwa sababu ardhi walinyimwa. Wengi walihamishiwa Israeli kwa ndege, katika operesheni kubwa za 1984 na 1991. Bibi yake muuguzi alikuwa ananunua vyungu kwao mchana na kuwafungia mlango usiku.

Nilikaa kimya, maana nilikuwa namsikia bibi yangu.

Basi makala yangu matamu yakafia pale kwenye viti vya chuma. Nchi ni moja, fisi ni mmoja. Kaskazini fisi ni jirani yako unayemdharau, mashariki ni mlinzi wa mji. Wala huwezi kusema dini ndiyo iliyoleta tofauti, kwa sababu kwetu wapo Wakristo na Waislamu wanaosali vizuri tu, na fisi wa mchawi wanamwamini wote.

Nimelizungusha hili kila upande. Ninachokiona ni kwamba mila za mnyama wa porini zinaeleza zaidi watu wanavyoishi wao kwa wao. Harar ni mji wa ukuta: hatari ilikuwa nje, waliomo ndani walihitajiana, kwa hiyo hata lawama waliitupa nje. Mbugwe ni tambarare isiyo na ukuta, nyumba zimetawanyika, na jirani ndiye mtu pekee aliye karibu vya kutosha kukuchukia. Nadharia yangu ina matundu, najua, wala siiuzi kwa mtu. Ila tangu nimeipata nimeacha kuwacheka akina bibi na nimeacha pia kuwatukuza Waharari.

## Wa serikali

Nilipofika nyumbani nilimpigia mjomba Magugu. Nikamsimulia yote, tundu, uji, majini. Alicheka sana kwenye uji. "Samli kabisa! Na sisi tunakula mchele mkavu." Akaniambia habari zake: fisi wamevunja boma wiki iliyopita, wamechukua mbuzi wawili na mmoja wamemwacha na nusu ya paja.

Nikamuuliza, kwa kujifanya tu, watu wanasema ni fisi wa nani.

"Siku hizi?" akasema. "Siku hizi ni wa serikali."

Na kisheria hajakosea sana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Fisi aliyekula mbuzi wa mjomba ana mwenyewe, tena anajulikana, na alama ya mwenye mali ni muhuri. Kuna fomu. Kuna kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, malipo ya serikali kwa waliodhuriwa na wanyamapori. Bibi alitafuta mmiliki maisha yake yote, na kumbe mwishowe angechapishwa kwenye Gazeti la Serikali.

Sikujua nicheke au nifanye nini. Kikongwe wa jirani yuko salama zaidi, hilo ni jambo kubwa na sitalibeza. Lakini mjomba kapoteza mbuzi, na wala hakuzungumzia kujenga boma la kudumu, wala ile mifupa inayotupwa nyuma ya bucha hatua chache kutoka kwenye zizi lake, ambayo ndiyo inayowaleta fisi kila usiku. Nilipoitaja akasema hiyo ni kazi ya mwenyekiti wa kijiji.

"Bibi yako angalau alikuwa anajua akagonge mlango gani," akaongeza.

Nikamwambia ofisi ya wanyamapori ya wilaya ipo Babati, aende na picha za wale mbuzi kabla mizoga haijaisha, na akirudi amwone mwenyekiti kuhusu lile jaa la bucha, ikibidi lijazwe udongo nitachangia.

"Sawa mjomba," akasema. "Nauli ya Babati unatuma saa ngapi?"